Mibofyo Miwili

Kwanza jifunze kunyamaza.
Ndivyo alivyonipokea Gathogo usiku wangu wa kwanza mezani.
Hewa, alisema, ni mlango wa mtu mmoja:
wawili wakiupita pamoja hapiti hata mmoja,
nawe huku utasikia mluzi tu.

Sasa ni mwaka wa sita. Gathogo anafuga sungura kule Njoro,
daftari lake limebaki, mgongo umeshikwa kwa gundi ya tairi.
Humo magari yana majina mafupi
maana jina refu hula pumzi.
Moja ni maji. Mbili ni ngazi.
Tatu ni uokoaji: kamba, machela, mkasi wa kukatia vyuma,
na watu wanne wasiojua kuketi.
Bauza ni Bauza tu, haikupewa namba,
na Ekai anayeiendesha hajawahi kutusamehe.

Chaneli ya kwanza ni ya kuitana.
Ya tatu ni ya walio ndani ya moshi.
Asiye motoni haingii ya tatu,
awe mkubwa wa kaunti, awe na pole zake.

Saa nane na robo, Kaptembwo.
Mama anasema ni kwenye mabati ya kijani.
Karibu na nini, mama?
Karibu na kwetu.
Na ukitoka kwenu asubuhi, unaona nini kwanza?
Kinyozi. Yule aliyechora simba akasahau sikio.
Basi. Hapo nimefika hata kabla ya magari.

Moja, Tatu, nendeni.
Mbili, baki; huko hakuna ghorofa,
na vichochoro vyake havipitishi ngazi.
Moja inaishia lami inapoishia,
mpira wa maji unaendelea kwa mabega ya watu.
Bauza imekwama Rhonda nyuma ya lori la kokoto,
Ekai anaanza kumtaja dereva wa lori pamoja na ukoo wake.
Bauza, fupisha.
Nimefupisha, anasema, hukusikia yaliyobaki.

Nyaboke yuko mlangoni na ubao.
Anayeingia humwachia kibati chake,
anayetoka hukichukua.
Kila dakika kumi yeye huhesabu vibati, nami huhesabu sauti.
Tatu-Moja? Nipo.
Tatu-Mbili? Nipo, ninatoka na mtoto.
Tatu-Tatu? Nipo.
Tatu-Nne?

Tatu-Nne?

Majina ya nyumbani hayaruhusiwi hewani.
Nalijua jina lake. Ni Towett.
Najua anaweka sukari nne na anadai ni mbili.
Jina limenijaa mdomoni, nimelibana kwa meno,
na papo hapo mtu fulani, sijui nani,
ameshika kitufe anauliza kama vyombo vya habari vimefika.

Hewa itulie, nikasema.
Sikupaza sauti.
Ikatulia: Moja, Mbili pale uani, Bauza, hata Ekai.
Nilisikia saa ya ukutani
ambayo siku zote nilidhani ni mbovu.

Ukikosa pumzi ya kusema, limeandikwa daftarini,
bonyeza mara mbili.

Sijui nilingoja muda gani. Najua kalamu ilivuja.

Tk.

Moja si kitu. Moja ni kiwiko kimegonga ukuta,
ni redio imeanguka ikiwa peke yake.

Tk.

Nyaboke, kibati cha nne?
Bado kiko ubaoni.
Mtumie Tatu-Tatu, upande wa nyuma, afuate ukuta wa kushoto.

Kisha kikohozi kirefu, kichafu, kwenye chaneli ya tatu,
na Nyaboke, kavu kama karani wa benki:
Ubao hauna kitu.

Vyumba kumi na kimoja vimekwisha.
Watu wote wako nje, pamoja na mbuzi
ambaye hadi alfajiri kila mtu anamkana.

Daftari lina safu ya saa, ya gari, ya maneno yaliyosemwa.
Gathogo hakuacha safu ya mbofyo.
Nilikaa na kalamu ile yenye kuvuja, nikaandika:
Saa nane na dakika arobaini na moja. Tatu-Nne.
Yupo.