Figa la Tatu

Figa moja haliinjiki chungu,
alisema Mwanashehe nilipomwambia
nakwenda dukani kununua mguu mmoja.
Mguu? Mmoja? Wa nani?
Akacheka hadi chai ikamwagikia kanga.

Sikumlaumu. Nami niliwahi kuiamini mitatu.
Mitatu iliniangusha Mkwakwani, dakika ya themanini,
mpira ulipotoka nje na watoto wakaukimbilia:
mmoja akajikwaa, samahani dada,
na lenzi ikalala kifudifudi kwenye changarawe.
Tangu siku hiyo nikawa natembea na mlingoti wa mkonge
nilioukata Pongwe, nikautoboa kwa msumari wa moto,
kamera nikaifunga kwa mpira wa baiskeli.
Mwepesi kama deni la mtu mwingine.
Lakini haurefuki, haufupiki,
na mvua za vuli zikiunyeshea
unavimba kama andazi.

Kwa Nargis, Barabara ya Nane,
kaunta imejaa vichwa visivyo na viwiliwili.
Shika hiki, akasema. Cha gololi.
Nikafunga lenzi yangu ndefu, nikalegeza kidogo tu,
kikaanguka ubavuni
kama mwanafunzi wa saa nane mchana.
Kinageuka kokote, akasema Nargis.
Ndiyo shida yake.
Kugeuka nitageuka mwenyewe, kwa kiuno;
mimi nataka kichwa kinachojua mambo mawili,
kuinama na kuinuka.

Akaleta kingine, kifupi, kizito kidogo, skrubu moja.
Kikasema ndiyo.
Kikasema ndiyo tena.
Hapana hakiijui.
Hapana nitasema mimi.

Ukaja mguu wenyewe.
Wa kaboni ulikuwa bei ya mbuzi watatu na kamba zao,
nikaupapasa, nikaurudisha taratibu
kama mtoto wa watu.
Wa vipande vitano unaenea kwenye kikapu cha baiskeli,
ila kipande cha mwisho chembamba kama kijiti cha mshikaki,
ukikiegemea kinatetemeka kabla yako.
Makufuli ya kuzungusha: nikayanyunyizia mchanga wa Raskazone
uliobaki mfukoni tangu harusi ya Jumapili,
yakalia kama meno ya mtu anayeota vibaya.
Nargis hakufurahi.
Ya kubana yakaniuma kidole. Nikayachukua.
Kinachouma hadharani nakiamini
kuliko kinachosaga gizani.

Alumini, basi. Vipande vinne. Mpira chini kama kwato.
Nusu nikalipa, nusu ikaingia daftarini.

Jumamosi, mashindano ya baiskeli, Pongwe hadi mjini.
Nilisimama kwenye kona, Majani Mapana,
nikafungua kufuli la kwanza, la pili,
la tatu likakwama
na mshindi akapita.
Nilipata gurudumu lake la nyuma na vumbi lake lote.
Nilitukana kimoyomoyo, kisha si kimoyomoyo.
Nikakimbia mbele, mguu begani kama jembe,
nikauchomeka, nikatanua yangu,
mmoja kwenye lami, mmoja ukingoni mwa mtaro,
ndipo nikayaona mafiga.
Mawili nilizaliwa nayo.
La tatu lina deni kwa Nargis.

Likapita kundi. Wakapita waliochoka.
Wa mwisho kabisa alikuwa Semboja, fundi wa Makorora,
anaisukuma baiskeli yake,
mnyororo uliokatika kauvaa shingoni kama mkufu,
anapungia mkono watu waliokwisha kuondoka.
Kichwa kikainama, ndiyo.
Nikabana pumzi. Chungu hakikutikisika.

Picha ile Mwanashehe kaibandika jikoni kwake,
juu kidogo ya moto, itaingia mafuta, nimemwambia.
Kuhusu mafiga hajasema tena neno.
Hata hivyo jiko lake mwenyewe
mwaka wa tatu huu ni la gesi.