Mtaa wa Supu

Karatasi niliichukua maktaba, bure,
imekunjwa mara nne, ina ramani na vituo kumi na viwili:
*Anza darajani. Mto uwe kuliani kwako.*
Miaka kumi na mmoja nimeishi ng'ambo ya pili,
ghorofa ya tano, jengo la zege,
na leo ndiyo kwanza naanza darajani.

Watu wa Tartu huuita Mto Mama.
Ni mwezi wa nne, barafu imekwisha kwenda zake,
maji yana rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.

Njia za huku zimepewa majina ya mboga:
Mtaa wa Njegere, Mtaa wa Maharage,
Mtaa wa Viazi, wenye matope kuliko yote.
Waliokosa pa kukaa walilima udongo wa mafuriko,
wakapika walichonacho,
na jina likagandia chunguni.
Nami naikatiza supu hii kwa buti,
mnofu uliochelewa kutiwa.

Kituo cha tatu, nyumba ya mbao:
*tazama nakshi za dirisha.* Natazama.
Paka naye ananitazama,
katikati ya miche ya nyanya kwenye vikopo vya mtindi.
Yeye hakuandikwa.

Kituo cha sita hakipo.
Nimezunguka mara mbili. Palipoandikwa *bafu la umma*
pana trampolini, na baiskeli isiyo na kiti.
Uani mama mmoja anapasua kuni,
kofia ya sufu, sigara imemzimikia mdomoni.
"Bafu? Liliungua. Nilikuwa ndani.
Nilitoka na ndoo tu, na sabuni kichwani."
Anacheka mpaka inambidi aliweke shoka chini.

Jina lake Helju.
Ananipokonya ramani, anaigeuza juu chini,
anatoa penseli ya seremala, anafuta, anaongeza:
hapa palikuwa na mbuzi wa Ruudi,
hapa mwokaji aliyepunja mizani,
hapa ndipo kaka yangu alipo—
Penseli inasimama.
Hapa, asema, palikuwa na mbuzi wa pili.

Kwenye ukuta wa banda kuna mistari ya mafuriko,
kila mmoja na mwaka wake,
kama wazazi wanavyompima mtoto mlangoni.
Wa juu kabisa unamfika kidevuni.
"Huo ulipochorwa nilikuwa juu ya meza,
na meza ilikuwa inaelea."
Kisha akaliokota shoka. Kuni hazijipasui.

Vituo vingine nilivipita bila kuvisoma.
Nilikuwa nawatafuta mbuzi.

Cha mwisho ni gati, mbao tano na kamba.
*Furahia mandhari ya upande wa pili.*
Upande wa pili ni kwangu:
ghorofa ya tano, taulo jekundu limening'inia barazani,
dogo kama stempu.
Sijawahi kuliona kutoka huku.
Sikujua linaonekana.

Manyunyu yakaanza.
Nikakaa juu ya mbao, karatasi ikilowa magotini,
mbuzi wa Helju wakianza kuvuja wino wa watu wengine,
na sikuwa na haraka ya kwenda kulianua.