Boliti ya Sita

Hii baiskeli ni mshahara wa miezi mitatu.
Mwenye nyumba ya Kasuarina alifunga madirisha,
akamwachia baba funguo, mbwa mwenye upele, na hii,
yenye breki za sahani, nyembamba kama ukoko.
Akasema chao. Chao yake sasa ina mwaka wa pili.

Jioni humpeleka lindoni, alfajiri humrudisha Barani
ikinguruma.
Si mnyororo; mnyororo naujua kilio chake.
Huu ni mngurumo wa chini, wa jiwe la kusagia,
watoka kitovuni.

"Chumvi," akasema Fundi Mbwarali, hakuinua kichwa.
"Chumvi, na tope la Sabaki. Gololi zimekauka.
Ukitaka kuziona, toa kwanza sahani."
Ajabu: ili gurudumu liende
waanza kwa kung'oa kinacholisimamisha.
Akanikodisha ufunguo wa nyota,
shilingi ishirini, mwisho adhuhuri.

Baba kalala. Nimeipindua uani,
tandiko mchangani, gurudumu la nyuma nimelipakata.
Boliti sita. "Usizifuate kwa mzunguko," alinionya,
"ruka uende ya mkabala, robo kwa robo,
sahani isije ikapinda. Na usiitie kidole:
breki ikionja mafuta itapiga mayowe yafike Mambrui."
Ya kwanza ililia kama panya. Ya nne ikatema unga wa kutu.
Tano zikalala kwenye kifuniko cha sufuria.
Ya sita
ikala meno. Nyota ikawa duara,
ufunguo wazunguka mle ndani
kama mtu apapasaye mlango gizani.

"Wapika nini?" mama akauliza, kuniona na jiko.
"Msumari."
Ulipoiva nikaubana juu ya kichwa cha boliti,
nikahesabu hamsini, nikachonga mfereji kwa msumeno wa chuma,
nikatia bisibisi bapa, nikaegemea na uzito wangu wote,
pamoja na kidato cha tatu nilichokiacha katikati.
Ikasema tak.

Sahani nikaifunga kwa kipande cha kanga,
nikaiweka kabatini na vikombe vya wageni.

Ndani ya kitovu, grisi nyeusi, ngumu,
kama halua iliyosahauliwa tangu Idi.
Gololi tisa upande huu.
Upande wa pili nane.
Nikachekecha mchanga, nikakung'uta leso, nikamtukana Mtaliano
kwa lugha yake, yale maneno mawili niyajuayo.
Kumbe Baya, mdogo wangu, yuko nyuma ya choo na wenzake,
gololi ya chuma mkononi, keshawala wote wa vioo.
Nikaikomboa kwa kashata mbili, na ahadi sitasema.

Zikaoga mafuta ya taa. Zikapangwa kwenye grisi mpya,
zikakaa kama punje kwenye gunzi.
Boliti ya sita Mbwarali alinipa ya baiskeli nyingine,
ya rangi ya dhahabu, haifanani na dada zake.
Nikalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja
likazunguka, likazunguka,
sikio langu karibu na kitovu, na ndani
hakuna kitu.

Mama hubandika chai asikiapo mngurumo
kwenye kona ya kinu cha posho.
Miaka miwili hajatazama saa.
Asubuhi ile tulishtuka baba yuko mlangoni,
kashika usukani, umande kwenye koti,
jiko baridi.
"Kwani leo hamkunisikia?"
Mama akanitazama mimi, kisha gurudumu,
akaanza kutafuta kiberiti.

Siku hizi baba hupiga kengele.
Lakini kengele, asema mama akipepea makaa,
yaweza kuwa ya mtu yeyote.