Sakafu ya Peres

Ngazi ya hoteli hii ina vidato thelathini na kimoja.
Kumi na viwili ni vikavu. Vilivyosalia
viko chini ya ziwa tangu mwaka ule maji yalipopanda,
yakaingia baa, yakaingia jikoni, yakameza vyumba vya mbele,
na mwenye hoteli akajenga upya mlimani, kuelekea Mbita mjini,
akaandika kwenye ubao wa mapokezi:
Wageni wanaopenda kuzamia, muoneni Randiki.

Nimelipa. Siku tatu, chakula cha asubuhi na jioni,
vitanda viwili: changu na cha mama,
ambaye jana usiku alilala juu ya shuka bila kuifunua
kwa sababu anamjua anayezifua.

Randiki ananifunga mkanda wa risasi kiunoni.
"Si za bunduki," asema. Nadhani kila mgeni huambiwa hivyo.
"Ni za kukukumbusha chini ni wapi."
Kidole gumba juu si "safi", ni "twende juu".
Safi ni duara, kidole kwa kidole,
kama mtu apimaye chumvi.
Usizuie pumzi hata mara moja.
Geji inasoma baa mia mbili.
"Na baa yenyewe iko pale," aelekeza majini kwa kidevu,
"mita tatu. Kaunta bado imesimama."
Viboko? Wako kwenye mafunjo, wameshiba, wamelala.
Kichocho? Kina dawa.

Niliwahi kuzamia Watamu, safari ya ofisi:
maji kama kioo cha saa, samaki wa mistari
wakikupita mmoja mmoja kama wasimamizi wa harusi.
Hapa, kidato cha kumi na tatu, vifundo.
Cha ishirini, kifua kinashtuka.
Cha ishirini na tatu, dunia ni mrenda.
Nanyoosha mkono, na mkono unapotelea kiwikoni.

Randiki amenishika
kama alivyozoea kuwashika wale asiotaka kunisimulia.
Fulu wadogo wananidonoa magotini.
Konokono. Wavu uliokatika. Kizibo cha soda.
Kisha ukuta, kisha fremu bila mlango
(paa liliuzwa zamani, bati kwa bati),
na pumzi yangu, mtu anayekoroma ndani ya ndoo.

Nne. Najua kwa kuhesabu,
kama nilivyohesabu nikiwa na miaka saba, likizo ya Agosti,
nimekatazwa kukanyaga zulia:
moja stoo, mbili choo, tatu ya Wajerumani, nne.
Miaka kumi na minne Peres,
jina limeshonwa kifuani kwa uzi wa bluu, herufi moja imepinda,
alipiga deki humu, akapaka nta nyekundu,
akasugua kwa kitambaa, magoti chini,
hadi sakafu ikamwonyesha uso wake.
Viti vilikuwa sita. Hakukalia hata kimoja.

Napiga magoti. Matope laini, uji uliopoa.
Nafuta kwa kiganja. Ziwa linatimka, sioni kitu, nangoja,
nafuta tena, nasogeza tochi,
nasogeza uso hadi kioo kiguse

nyekundu.

Ukubwa wa sahani. Nyekundu ile ile.
Nikasahau kupumua.
Randiki akanibana mkono, nikamfanyia duara:
chumvi kidogo, safi.
Halafu nikayatazama matope yakirudi taratibu,
yakitandika.

Kidato cha kumi na mbili: jua, mapezi yakipiga sakafu kama bata,
Randiki akinivua mtungi.
Mama yuko kwenye kiti cha plastiki, ukingoni kabisa mwa kiti,
soda haijafunguliwa, mkoba mapajani.

"Ulifika?"
Nne, nasema. Nimeiona.
Anaangalia kucha zangu kwanza.
"Ni chafu?"
Sana.

Akageuka, akalitazama ziwa lote, hadi kule Rusinga,
kama mtu aliyeachiwa kazi na zamu iliyomtangulia.
"Yawa," akasema,
akasogea nyuma kidogo, akaegemea.