Robo Kilo

Babu Agoi hakuapa.
Marafiki wa Kaimosi hawaapi.
Mteja akimwuliza, "Hii ni ya leo?"
alisema ndiyo, basi,
akarudi kwenye gogo la mvule, kimya,
kimya kile cha ibadani
kilichozoea harufu ya damu.

Alianza na shoka moja, ndoano mbili,
nyuma ya soko la Chavakali,
ng'ombe akimfuata kwa miguu kutoka Serem.
Jumapili mlango ulifungwa,
hata mwaka wa karo,
hata ule wa ukame wa themanini na nne.

Baba alileta umeme, na friji iliyonguruma usiku.
Ami Kedogo akaleta jiwe la mizani
lililokwanguliwa tumbo.
Babu alilitia mfukoni, akaenda nalo chooni.
Likasikika likitumbukia.
Wiki nzima hakusema neno.

Sasa kisu ni changu, Kageha, binti wa tatu.
Gogo limebonyea katikati kama godoro la mgonjwa.
Juzi, nikihamisha kabati, nikakuta daftari lake:
madeni ya watu, yote yamepigwa mstari,
mengi bila kulipwa.
Ukurasa wa mwisho, kalamu imekandamizwa:
Mimi. Kwa Imali wa Lyaduywa. Robo kilo. Lile jiwe.

Hapo hapakuwa na mstari.

Imali alishazikwa.
Nimempimia mjukuu wake, auzaye mrenda ng'ambo ya barabara,
robo, na kipande juu.
"Ya nini?" akauliza.
Nikanyamaza kidogo,
halafu nikaendelea kufunga gazeti.