Ndugu Nyuki wa Chumbageni

Nilikwenda jarida la Kidaka niwe mshairi,
nikapewa ufagio, rula na kalamu nyekundu.
Miezi sita ya kujifunza kazi, mshahara hakuna,
chai ipo, sukari uje nayo.
Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya fundi cherehani,
Ngamiani, barabara ya kumi na moja,
na sakafu ilitetemeka kila fundi alipopiga pindo.

Mhariri, Bi Sauda Shekimweri,
alikuwa amesahihisha ratiba za treni miaka ishirini na miwili.
"Ratiba ikikosewa," alisema, "watu hulala stesheni na watoto.
Shairi likikosewa hufa lenyewe, halimsumbui mtu.
Ndiyo maana mnazembea."

Nilifungua bahasha.
Karani wa mkonge kutoka Muheza
alileta beti arobaini za kumsifu mkewe,
wiki ya pili akaomba tubadilishe jina la mke.
Mwalimu wa Pangani aliandika nyuma ya mitihani,
upande wa pili mtoto kapata tatu kwa ishirini.
Mama mmoja wa Mkinga hakuandika kitu.
Alipanda ngazi na kapu lake, akaghani amesimama,
mimi nikinakili, jasho likinidondoka,
na Bi Sauda hakugusa hata nukta.

Nilihesabu mizani kwa vidole
mpaka vidole vikawa vinahesabu vyenyewe:
bei za muuza vitumbua, matangazo ya msiba,
hata mama akinigombeza kwa kuchelewa
nilisikia nane kwa nane, nikatabasamu,
nikaongezewa.

Mwezi wa nne nikajituma kwa siri.
Lakabu: Nyuki wa Chumbageni.
Mwandiko niliulaza kushoto, stempu nikanunua,
nikaendesha baiskeli ya kaka, breki moja, hadi posta.

*Moyo wangu umechoka, kukungoja mlangoni*

na kadhalika, beti saba, waridi mbili, machozi kila ubeti.

Bahasha ilirudi mezani kwangu siku ya tatu.
Bi Sauda aliisoma akila muhogo,
akaifuta mafuta kwa kiwiko.
"Huyu mjibu wewe, Mwanjaa.
Usimwonee huruma, wala usimtukane."

Nikaandika:
*Ndugu Nyuki, tumepokea.
Mizani yako imetimia, hongera.
Lakini moyo huu ni wa nani? Tumeshauona kwa wengine.
Na mlango je, ni wa mbao au wa bati?
Hukusema, nasi tumesimama nje.*

Alitia sahihi bila kuinua macho.
"Stempu ukate kwenye chai yako."
Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Barua ilinifikia nyumbani Alhamisi.
Mama aliuliza nani huyo Nyuki.
Nilikaa kizingitini, nikautazama mlango wetu,
kwa mara ya kwanza, naona aibu kusema,
tangu nizaliwe ndani yake.

*Mlango wetu wa bati, umefungwa kwa katani*

Mstari huo ulinichukua siku tisa.
Ulitoka toleo la mwisho wangu, ukurasa wa thelathini na moja,
jina langu kamili chini yake.
Prufu ya kwanza niliisoma mimi, ya pili mimi,
ya tatu mimi.
Kiwanda kikaleta nakala mia tatu:
*umefungwa kwa katini.*

Nililia mbele ya fundi cherehani.
Bi Sauda alicheka mpaka miwani ikamvuka,
kisha akanisukumia kalamu na rundo.

Vitabu vyangu sasa ni vitatu.
Watu huniuliza ukumbini nilianzia wapi,
nami hutaja shule, hutaja tuzo, kwa kuwa ndivyo wanavyotaka.
Sitaji ule usiku wa taa ya chemli,
umeme umekatika Ngamiani yote,
nakala juu ya goti, nageuza i kuwa a,
mara mia tatu,
na yeye ng'ambo ya meza
akigeuza nusu yake, kimya,
mpaka zikabaki chache, akasema, "Hizi zako."
Mkono bado unaijua ile a.