Sekunde Hamsini

Kabla ya usiku ule niliwajua kwa vikohozi.

Wa kushoto alikohoa mara tatu, kisha akafungua bomba.
Wa kulia alisoma sheria kwa Kihispania cha kujikwaa,
ibara ya kumi na nne, ibara ya kumi na nne,
hadi nami nikaihifadhi, mimi mwanafunzi wa miamba.
Wa mkabala alisaga kitu saa tano za usiku.
Nilimlaani,
kisha harufu ikapenya chini ya mlango
nikameza mate.

Miezi minane juu ya paa la Doña Cuca:
vyumba vinne kando ya matangi ya maji,
choo kimoja chenye komeo la waya,
kamba moja ya nguo.
Soksi zetu zilifahamiana kabla yetu.

Ngazini tulipishana, samahani, nipite,
kila mtu na simu yake usoni.
Jiji la Meksiko hukufundisha upesi
kutomwona aliye karibu.
Mama akapiga kutoka milimani, akauliza kwa Kiayuuk:
unakaa na nani huko?
Na watu, nikamjibu.
Akanyamaza. Kwetu hilo si jibu.

Kisha king'ora, saa nane za usiku.
Sekunde hamsini, profesa hutuambia, ukibahatika.
Mimi niliyepata tisini na moja katika mtihani wa mawimbi ya ardhi
nilisimama katikati ya chumba
nikitafuta kiatu cha kushoto.

Mlango ukapigwa teke.
"Wewe wa miamba! Toka!"
Amejuaje ninachosoma?
Kuta, bila shaka. Kumbe nami husoma kwa sauti.

Barabarani, chini ya taa ya manjano,
nikawaona.
Wilner wa Jakmeli, yule wa sheria, mwenye teke,
miguu mitupu, amekumbatia bahasha ya karatasi za ukaazi.
Yorbelis wa Marakaibo na mashine ya kusagia,
waya unaburura lami:
"Nimelipa nusu tu. Haiwezi kufa kabla ya deni."
Fidencio, yule wa kikohozi,
amembeba Doña Cuca mgongoni,
naye Doña Cuca kabeba daftari la kodi.

Tukangoja.
Nguzo za umeme ziliyumba kidogo
kama mlevi anayejidai mzima.
Mbwa wa duka la mikate akaketi, akajikuna.
Basi. Hilo ndilo lililokuwa.

"Kitovu kiko mbali, pwani ya Guerrero," nikaeleza,
"nguvu zimeishia njiani,"
nikajisikia bingwa, na hakuna aliyenisikiliza,
maana Wilner alikuwa bado anatetemeka.
Ardhi ilishatulia, yeye bado.
Alikuwa na miaka saba kwao ilipoanguka,
alisema hivyo tu,
nasi hatukumchimba.
Fidencio akamvika blanketi
bila kumwangalia, kama mtu anayefunika unga.

Yorbelis akaomba umeme kwa mlinzi wa duka,
akaomba na ndizi, akaomba na maziwa.
Tukanywa kwa zamu kutoka kwenye kifuniko.
Doña Cuca akalamba kidole, akafungua daftari:
"Kwa kuwa leo mpo wote..."
Tukacheka, hata yeye akacheka.
Lakini aliandika.

Simu ikalia. Redio ya kijijini imeshatangaza.
Uko na nani? Mama, sauti juu.
Nikaanza kutaja majina.
Betri ikazimika nilipofika kwa Fidencio.

Usiku uliofuata: kikohozi, mara tatu, bomba.
Nikagonga ukuta.
Ukuta ukagongwa.
Na upande wa kulia, ibara ya kumi na nne
ikasomwa vizuri hadi katikati, ikakwama,
ikarudi mwanzo, ikakwama palepale.
Nikaweka kalamu chini.
Nikaimalizia.